Imetoka Wapi na Imebeba Nini? Bandari za Bahari ya Hindi na Mapambano Dhidi ya Uvuvi Haramu

Utangulizi

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu aliyeitiisha bahari kwa manufaa ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta wa Tanja alifika Mogadishu mnamo mwaka 1331 (731 Hijria), akitokea Aden kupitia Zeila. Katika maelezo ya safari yake ameitaja desturi moja ya mji ule ambayo wasomaji wengi huipita haraka, kwa kuwa hushughulishwa zaidi na habari za wali wa samli, ndizi za maziwa na achari ya ndimu aliyokirimiwa. Anaeleza kwamba meli ilipofika, mashua ya Sultani iliiendea huko huko ilipo. Wajumbe waliuliza meli imetoka wapi, mwenye meli ni nani, nahodha wake ni nani, imebeba shehena gani, na ni wafanyabiashara na wageni gani waliomo. Majibu yote yalikusanywa yakapelekwa kwa Sultani.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kuwa maswali hayo ndiyo hasa yaliyomo leo katika mkataba wa kimataifa unaozitaka bandari zizuie meli za uvuvi haramu. Sababu ya pili ni ya kusikitisha. Mji huo huo wa Mogadishu, baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991, ulikosa mtu wa kuyauliza maswali hayo kwa niaba ya nchi nzima, na meli za kigeni zikavua katika bahari ya Wasomali zitakavyo.

Katika makala hii tutatazama kwa ufupi tarehe ya ukaguzi wa bandari, hoja za kifiqhi zinazohusiana nao, kisha namna nchi za Bahari ya Hindi ya magharibi zilivyojaribu kushirikiana katika jambo hili. Makusudio yetu ni kuonesha kuwa ulinzi wa bahari hukamilika bandarini, na kwamba bandari moja ikilegea huharibu kazi ya bandari zote.

Desturi ya zamani katika bandari za Waislamu

Mogadishu haikuwa peke yake katika desturi hii. Takriban miaka mia moja kabla ya Ibn Battuta, Ibn al-Mujawir aliandika habari za bandari ya Aden. Anaeleza jinsi mlinzi alivyokaa juu ya mlima akitazama upeo wa bahari, na alipohakikisha kuwa akionacho ni chombo, habari ilipelekwa kwa liwali. Mashua zikatoka kukilaki chombo, nahodha akaulizwa jina lake na atokako, na karani akaandika majina ya wafanyabiashara na bidhaa zao. Baada ya hapo ulifuata upekuzi, na wanawake walipekuliwa na mwanamke mwenzao. Ni kweli kuwa lengo kubwa la Aden lilikuwa ushuru, na maelezo yake yanaonesha kuwa upekuzi ule ulikuwa mkali. Lakini utaratibu wenyewe wa kutanguliza habari, kuandika, kisha kukagua, ulikuwa umekwisha kuwa desturi iliyojulikana.

Kwa upande wa fiqhi, Imam al-Mawardi aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058) ameyataja majukumu ya muhtasib katika kitabu chake al-Ahkam as-Sultaniyya. Miongoni mwa majukumu hayo ni kuwazuia wenye vyombo wasipakie kupita kiasi hata ikahofiwa chombo kuzama, na kuwazuia wasisafiri upepo unapokuwa mkali. Tunajifunza hapa mambo mawili. La kwanza ni kuwa chombo, ijapokuwa ni mali ya mtu binafsi, kina haki za watu wengine ndani yake, na kiongozi ana ruhusa ya kuingilia kati kwa ajili ya haki hizo. La pili ni kuwa muhtasib alilizuia kosa kabla ya madhara, na alilizuia pale ambapo mkono wake unafika, yaani pwani.

Hata hivyo tusiipambe tarehe kupita kiasi. Desturi ile ilikuwa ya kila mji kwa nafsi yake. Nahodha aliyekosana na watu wa Aden angeweza kuelekeza tanga bandari nyingine, na huko maulizo yakaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea. Upungufu huu ndio uliorudi kututesa katika zama zetu.

Je, samaki wa baharini si mubaha?

Huenda mtu akauliza: samaki wa baharini ni halali kwa kila mtu, basi serikali inapata wapi haki ya kumzuia mvuvi? Swali hili ni zito na linastahiki jibu, kwa kuwa asili yake ni sahihi. Katika Suratul-Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu amehalalisha windo la bahari. Wanavyuoni wamesema kuwa samaki aliye majini hana mwenyewe, na humilikiwa kwa kukamatwa. Kwa sababu hiyo wakakataza kumuuza samaki aliyemo majini, kwa kuwa ni katika biashara ya gharar. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) amewahesabu Waislamu kuwa ni washirika katika maji, malisho na moto.

Lakini mali ya ushirika haina maana ya mali isiyo na mlinzi. Ushirika wenyewe ndio unaomzuia mshirika mmoja asichukue fungu la wenziwe au kuiharibu mali yenyewe. Fuqahaa wanaijua vyema mas-ala ya hima, yaani ardhi ya malisho inayohifadhiwa kwa maslaha ya umma. Bukhari amepokea kutoka kwa as-Sa'b bin Jaththama (r.a.) kwamba hakuna hima ila ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wanavyuoni wakafahamu kuwa kilichobatilishwa ni ile hima ya kijahiliya, ambapo mkubwa wa kabila alijitengea malisho akawafungia wengine. Ama hima ya maslaha ya wote imethibiti, kwani Mtume (s.a.w.) aliihifadhi an-Naqi', na Sayyidna Umar (r.a.) akaihifadhi ar-Rabadha.

Na hapa pana jambo ambalo tungependa kila mwanafunzi alizingatie. Sayyidna Umar (r.a.) alimweka huru wake aitwaye Hunayy kuwa msimamizi wa hima. Alimwagiza amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan (r.a.). Wala haikuwa kwa kuwachukia Masahaba hao wawili watukufu. Alieleza sababu yake waziwazi: mifugo yao ikifa, wao wana mitende na mashamba ya kurejea, ama yule mnyonge mifugo yake ikifa atamjia Khalifa pamoja na watoto wake kuomba msaada.

Tukiitazama bahari yetu kwa jicho hilo, mwenye ngamia wachache ni mvuvi wa ngalawa na mashua wa Lamu, Pemba, Kilwa au Ngazija. Mwenye kundi kubwa ni meli ya chuma yenye majokofu, inayoweza kukaa baharini miezi mingi, na ambayo mwenyewe huenda hajawahi kuliona fuo la nchi anayoivua. Kiasi hiki cha malisho kwa bahari tunawaachia wanavyuoni wakipime, lakini illa yake haijifichi.

Tusisahau pia kuwa Qur'ani yenyewe imetusimulia kisa cha uvuvi uliokatazwa. Katika Suratul-A'raf, kuanzia aya ya 163, zimetajwa habari za mji uliokuwa kando ya bahari, ambao wafasiri wengi wamesema ni Ayla. Watu wake walikatazwa kuvua siku ya Sabato. Wafasiri wameeleza kuwa walitega nyavu na kuchimba mashimo kabla ya Sabato, kisha wakawachukua samaki siku iliyofuata, wakidai kuwa siku yenyewe hawakuvua. Hila ile haikuwafaa kitu. Na waliookoka, kama aya zinavyoeleza, ni wale waliokuwa wakikataza maovu.

Bahari ilivyogawanywa, na wezi walivyojificha

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulipitishwa mwaka 1982, ukaanza kufanya kazi mwaka 1994. Mkataba huo uliipa kila nchi ya pwani haki juu ya samaki walio ndani ya maili 200 za baharini. Kwa nchi zetu hii ilikuwa neema kubwa na mzigo mkubwa kwa wakati mmoja. Shelisheli, ambayo ardhi yake yote ni kama kilomita za mraba 455, ilijikuta na bahari ya zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3. Ni boti ngapi za doria zinazohitajika kuizunguka bahari kama hiyo usiku na mchana? Na mafuta yake yatanunuliwa na nani?

Wavuvi haramu waliujua udhaifu huu. Meli hubadilisha jina kwa kopo moja la rangi. Huibadilisha bendera yake kwa kujisajili katika nchi isiyoweza kuifuatilia, au hutumia bendera ya nchi ambayo haikuisajili kabisa. Wengine huchukua leseni moja wakaitumia kwa meli mbili, na wengine hughushi leseni yenyewe. Tukizitazama hila hizi tunawakumbuka watu wa Ayla: kwa sura ya nje kila karatasi ipo mahali pake, na kwa ndani amri imevunjwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria kuwa uvuvi haramu na usioripotiwa duniani huchukua kati ya tani milioni 11 na milioni 26 za samaki kila mwaka, zenye thamani ya kati ya dola bilioni 10 na bilioni 23.5.

Lakini mwizi wa baharini ana udhaifu mmoja asioweza kuuepuka. Samaki hawezi kuliwa katikati ya bahari. Ni lazima ashushwe mahali fulani, na meli ni lazima ipate mafuta, maji, chakula na matengenezo. Hata akimhamishia meli nyingine huko huko baharini, meli hiyo ya pili nayo ina siku yake ya kufika gatini. Kwa hiyo, anayeshindwa kumfukuza mwizi katika maili 200 anaweza kumngoja mlangoni.

Funzo la Tawariq 1

Mwezi Machi mwaka 2009, doria ya pamoja ya nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, ikitumia meli ya Afrika Kusini iitwayo Sarah Baartman, iliikamata meli ya uvuvi Tawariq 1 ndani ya bahari ya Tanzania. Meli haikuwa na leseni ya Tanzania. Ndani yake mlikuwa na takriban tani 296 za samaki, wengi wao jodari. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka habari hii, kwa kuwa samaki wale waligawiwa taasisi za umma, na watu wakawaita "samaki wa Magufuli", kwa jina la waziri wa mifugo na uvuvi wa wakati huo, John Magufuli.

Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini yaliyofuata yana funzo zaidi. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wawili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikayafuta yote, kwa kuwa kesi ilifunguliwa bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka iliyotakiwa na sheria. Mwaka huo huo mashtaka yakaachwa kabisa. Kwa muda wote huo swali la meli ile ilikuwa ya nani hasa, na ilitumia bendera gani kwa haki, liliendelea kubishaniwa.

Hatusemi haya kwa kuilaumu mahakama. Hakimu aliyefuata sheria ametimiza amana yake, na Uislamu haumhukumu mtu kwa hasira za watu. Tunachosema ni kuwa kumkamata mwizi katikati ya bahari ni kazi ghali, na kumthibitishia wizi wake ni kazi ngumu zaidi, ikiwa nchi inaanza kuuliza maswali siku ile ile ya kumkamata. Meli ya ukubwa ule ilikuwa imepita katika bandari. Kuna mahali ilijaza mafuta, na kuna mahali ilishusha samaki wa safari zilizotangulia. Lau kila bandari ingeliuliza, ikaandika na kumwarifu jirani yake, Tanzania ingelikuwa na majibu mkononi kabla ya meli kuonekana.

Maswali ya zamani yaandikwa upya

Fikra hii haikuwa ngeni kwa viongozi wa eneo letu. Mwaka 2007 Kamisheni ya Bahari ya Hindi ilianzisha mpango wa doria na usimamizi wa pamoja kwa visiwa wanachama. Mwezi Julai mwaka 2008 mawaziri wa uvuvi wa nchi za SADC walikutana Windhoek, Namibia, wakatia saini tamko la kupambana na uvuvi haramu. Kisha tarehe 22 Novemba 2009, mkutano mkuu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) uliidhinisha Mkataba wa Hatua za Nchi za Bandari.

Muhtasari wa mkataba huo ni kama ifuatavyo. Kila nchi hutangaza ni bandari zipi meli za uvuvi za kigeni zinaruhusiwa kuingia. Meli hutakiwa kuomba ruhusa mapema na kueleza jina lake, bendera yake, mmiliki wake, bandari iliyotoka, vibali vyake na samaki iliyobeba. Nchi ikiwa na ushahidi wa kutosha kuwa meli imevua kinyume cha sheria huikatalia kuingia, au huiruhusu iingie kwa ajili ya kukaguliwa tu. Meli ya namna hiyo hainyimwi tu kushusha samaki, bali hunyimwa pia mafuta, mahitaji na matengenezo. Matokeo ya ukaguzi hupelekwa kwa nchi ya bendera na kwa nchi nyingine zinazohusika.

Wasomaji wetu wa fiqhi watavutiwa na mambo mawili zaidi. Mkataba umeitoa meli iliyo katika dhiki: chombo kilichopatwa na dhoruba au chenye watu walio hatarini hakifungiwi mlango, na hili linaafikiana na kanuni ya dharura tunayoijua. Pia nchi imeruhusiwa kuviacha nje ya masharti haya vyombo vya wavuvi wadogo wa nchi jirani wanaovua kwa ajili ya riziki yao, maadamu nchi mbili hizo zinashirikiana kuhakikisha hawavui kiharamu. Ni kama agizo la Sayyidna Umar (r.a.) kwa Hunayy, mwenye wachache aruhusiwe, na mwenye kundi kubwa aangaliwe.

Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Victoria huko Shelisheli, haikusubiri. Mwaka 2010 ilipitisha azimio lake lenye maudhui hayo kwa nchi wanachama, likitaka taarifa ya meli ifike angalau saa 24 kabla ya kuingia, na kwamba angalau asilimia 5 ya ushushaji na uhamishaji wa samaki ukaguliwe kila mwaka. Mkataba wenyewe wa FAO ulianza kufanya kazi tarehe 5 Juni 2016. Miongoni mwa waliokwisha kujiunga kufikia siku hiyo ni Shelisheli, Morisi, Msumbiji, Afrika Kusini, Oman, Sudan na Somalia. Kenya ilijiunga mwaka 2017.

Meli tatu na habari zilizowahi kufika

Karatasi peke yake haizuii meli. Mwaka 2012 Komoro, Kenya, Msumbiji, Shelisheli na Tanzania zilianzisha kikundi kazi kilichoitwa FISH-i Africa. Baadaye Madagaska, Morisi na Somalia zikaingia, zikawa nchi nane. Kazi yao kubwa ilikuwa nyepesi kuieleza: maafisa wa nchi hizo walipeana habari za meli mara tu walipozipata. Tutaje mifano mitatu.

Meli ya jodari iitwayo Premier, iliyopeperusha bendera ya Korea Kusini, ilituhumiwa kuvua bila ruhusa katika bahari ya Liberia, upande wa pili wa Afrika. Ilipokuja Bahari ya Hindi kutafuta leseni mwaka 2013, nchi za kikundi zilikuwa na habari zake, zikamkatalia mwenyewe leseni. Nyaraka zilizodai kuwa Liberia imeisafisha meli hiyo zilithibitishwa na Liberia yenyewe kuwa ni za kughushi. Mwaka huo huo kampuni inayoimiliki ilikubali kuilipa Liberia dola milioni 2. Tazama jinsi Liberia, nchi iliyokuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilivyopata haki yake kwa msaada wa bandari zilizo mbali nayo maelfu ya maili.

Mfano wa pili ni wa Greko 1 na Greko 2, meli za nyavu za kukokota zilizovua katika bahari ya Somalia na kushusha samaki Mombasa. Sheria ya uvuvi ya Somalia ya mwaka 2014 ilikataza nyavu za kukokota chini ya bahari. Kwa miaka mingi samaki wa Somalia walikuwa wakipita katika bandari za majirani bila kuulizwa. Safari hii Kenya na Somalia zilibadilishana taarifa, na mwaka 2016 mmiliki akalazimika kukubaliana na serikali ya Somalia kulipa faini. Kwa mara nyingine Mogadishu ikawa inauliza chombo kimetoka wapi na kimebeba nini, ila safari hii iliuliza kwa mdomo wa Mombasa.

Mfano wa tatu ni wa meli iliyobadilisha majina mengi, na jina lake la mwisho lilikuwa STS-50. Ilikuwa ikiwavua samaki wa bahari za baridi za kusini ya mbali. Ilizuiliwa China mwaka 2017 ikatoroka. Mapema mwaka 2018 ilionekana Madagaska, ambako maafisa waliitilia shaka wakawaarifu wenzao. Ilipofika Maputo ilizuiliwa na nyaraka zake kuchukuliwa. Ikatoroka tena. Meli ya doria ya shirika la uhifadhi, ikiwa na maafisa wa Tanzania ndani yake, iliifuata kwa sehemu ya safari yake kuelekea mashariki. Tarehe 6 Aprili 2018 jeshi la majini la Indonesia liliikamata karibu na Aceh. Hapa pana sifa na pana lawama: mtu anaweza kuuliza ilikuwaje meli iliyokwisha kushikwa ikatoka bandarini. Lakini ni kweli vilevile kuwa iliishiwa na mahali pa kwenda, kwa sababu kila ilikofika habari zake zilitangulia.

Tundu katika jahazi

Ndugu zetu, tusije tukadhani kuwa kazi imekwisha. Kufikia mwaka 2023 wanachama wa mkataba wa FAO walikuwa wamevuka 70, Umoja wa Ulaya ukihesabiwa kuwa mmoja, lakini ugumu ungali pale pale. Bandari hupata pesa kwa meli zinazokuja. Bandari inayouliza maswali huogopa kuwa meli zitahamia kwa jirani asiyeuliza. Wakala wa meli ana haraka, mkaguzi ana mshahara mdogo, na bahasha ni nyepesi kubebeka. Tena wapo wanaosema kwa nia njema kabisa: samaki hawa hawakuibwa kwetu, sisi yatuhusu nini?

Jibu la hoja hii tunalipata katika Hadithi mashuhuri aliyoipokea an-Nu'man bin Bashir (r.a.), iliyomo katika Sahih al-Bukhari, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) amepiga mfano wa watu waliopiga kura katika jahazi. Baadhi yao wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu, wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe ili wasiwaudhi wenzao. Wakiachwa wafanye watakalo, wote wataangamia. Wakizuiliwa, wote wataokoka.

Hebu tuizingatie hoja ya watobozi. Walisema tundu litakuwa katika fungu letu, na hawakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Bandari inayompokea mwizi wa samaki wa jirani husema maneno hayo hayo. Jodari haijui mipaka ya nchi: leo yupo bahari ya Shelisheli, mwezi ujao yupo ya Tanzania au ya Somalia. Aliyeibwa kwa jirani leo ndiye ambaye hatafika kwetu kesho. Na bandari ikishazoea kutouliza, haitauliza hata siku samaki watakapokuwa wake.

Wajibu wetu

Katika Suratul-Maida, aya ya 2, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na tukakatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Ushirikiano wa bandari unaingia katika mlango wa kwanza, na kumuuzia mafuta mvuvi haramu huku ukijua kunaingia katika mlango wa pili. Aya inayotangulia hiyo inawataka waumini kutimiza mikataba. Nchi iliyotia saini ikaiacha sheria yake kabatini haijatimiza kitu.

Imamu wa msikiti ulio karibu na gati huenda anao katika safu zake mkaguzi wa uvuvi, karani wa forodha, wakala wa meli, mpakuzi wa shehena na mnunuzi wa samaki. Kila mmoja wao anashika sehemu ndogo ya mlango huu. Akumbushwe kuwa muhuri anaoupiga ni ushahidi, na kwamba ushahidi wa uongo haugeuki kuwa halali kwa kuwa umeandikwa kwenye fomu ya serikali. Akumbushwe pia mvuvi wetu anayetumia baruti na nyavu za macho madogo, kwani hatuwezi kuwalaumu wageni kwa kuiharibu bahari ilhali sisi wenyewe tunaivunja miamba yake. Na serikali nazo zikumbushwe kuwa haki ya mvuvi mdogo ndiyo iliyoleta ulinzi huu, kwa hiyo ulinzi usije ukageuzwa kuwa fimbo ya kumpiga yeye.

Tunarejea pale tulipoanzia. Mashua ya Sultani wa Mogadishu haikuwa na bunduki wala chombo cha kuona mbali. Ilikuwa na watu waliotumwa kuuliza, na aliyewatuma alitaka kweli kujua majibu. Mikataba tunayo sasa, na kompyuta za kupelekeana habari zipo. Kilichobaki ni amana ya yule anayeuliza, na ujasiri wa kuifunga bandari pale majibu yasipokuwa mazuri, hata kama gati litabaki tupu siku hiyo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki za bahari yetu, awape wasimamizi wake uadilifu, na atujaalie tuwe katika wale wanaokataza maovu. Wallahu a'lam.